Sare ya Askari wa Kike Hukatwa Upya, Haipunguzwi

Sidab ni kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya milima na bahari, karibu na Maskati ya zamani, Oman. Wanawake wa huko wana kikundi chao cha ushonaji, na kila aliyezoea cherehani anajua jambo ambalo majeshi makubwa yalichelewa kulikubali: nguo ya mwanamume ukiipunguza haigeuki kuwa ya mwanamke.

Kwa miaka mingi ndivyo ilivyofanyika. Askari wa kike alipewa gwanda la saizi ndogo kabisa katika stoo, basi. Mabega yakamshuka, mikono ikafunika vidole, suruali ikambana nyonga huku kiuno kinapwaya. Hayo ni kero. Hatari iko kwenye fulana ya kuzuia risasi. Ikiwa bamba lake ni refu kuliko kiwiliwili, mvaaji akikaa garini linamchoma nyonga na kumpanda kooni. Kitako cha bunduki hakitulii begani, na kwapani hubaki uwazi ambao risasi au kipande cha bomu kinaweza kupita. Wanawake wa Marekani walikuwa vitani Afghanistan tangu 2001, lakini fulana zilizokatwa kwa maumbile yao zilianza kuwafikia mnamo mwaka 2013. Siku zote hizo walilindwa nusu nusu, na mimi siwezi kuliita hilo suala la mitindo. Buti nazo ni vivyo hivyo. Kisigino cha mwanamke kwa kawaida ni chembamba kikilinganishwa na upana wa mbele wa mguu wake, hivyo buti la kiume, hata likiwa dogo, humchubua.

Suala jingine ni mtandio. Oman ina wanawake katika polisi, jeshini na katika bendi za kijeshi. Mwaka 2016, Malkia Elizabeth alipotimiza miaka 90, kikosi cha farasi cha Oman kilikwenda kuonyesha ustadi wake Windsor, Uingereza, na wanawake wakiwemo. Nchini Oman mtandio chini ya kofia ya askari ni jambo la kawaida. Kwingine imebidi upiganiwe. Uturuki iliwaruhusu maofisa wa kike jeshini kuuvaa Februari 2017, mwezi mmoja baada ya Jeshi la Nchi Kavu la Marekani kurahisisha utaratibu wa kibali chake. Afrika Kusini, Meja Fatima Isaacs alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwa kukataa kuuvua. Mashtaka yakafutwa Januari 2020, na mwaka uliofuata jeshi likabadili kanuni.

Ruhusa ikishapatikana, kazi ya fundi ndiyo inaanza. Mtandio wa mtaani hufungwa kwa pini na ncha zake huachwa zining'inie. Kazini ncha hizo zinaweza kunaswa na mashine au kukamatwa na adui, kwa hiyo bora mtandio wa kijeshi uwe wa kuvaa kama soksi, usio na pini, unaoingia wote ndani ya kola na kuvuka kirahisi ukivutwa. Kitambaa ni suala la uhai, hasa melini. Poliesta na nailoni hazikunjamani ovyo na hukauka upesi, ila zikishika moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Mabaharia wa Uingereza waliliona hilo katika vita vya Falkland mwaka 1982. Afadhali pamba, na bora zaidi aramidi, nyuzi zisizoyeyuka. Kisha kuna barakoa ya gesi: ukingo wake sharti uguse ngozi tupu pande zote, maana uzi mmoja wa mtandio ukipita chini yake, hewa yenye sumu imepata njia.

Pwani yetu ya Afrika nayo ina askari wa kike wa kushonewa. Kenya ilianzisha kikosi cha pekee cha wanawake jeshini mwaka 1971, ikakivunja 1999 na kuwaingiza katika vikosi vya wote. Fatuma Ahmed, aliyejiunga 1983, akawa meja jenerali wa kwanza wa kike mwaka 2018 na kamanda wa Jeshi la Anga mwaka 2024.

Kwa wanaoagiza sare, iwe Maskati, Nairobi au Zanzibar, ombi langu ni dogo. Pimeni kofia ya chuma mtandio ukiwa kichwani na nywele zikiwa zimefungwa kama zitakavyofungwa kazini. Fundo la kisogoni huisukuma kofia mbele, na askari akilala kifudifudi kulenga shabaha, ukingo wake humziba macho.