Pima Sufuria Kwanza, Kisha Upepo

Wateja wengi wanaoniita kukarabati chumba cha jiko hunionyesha picha kwenye simu. Mara nyingi ni picha ya nyumba ya Dar es Salaam, au ya nje ya nchi kabisa: jiko la gesi la pleti tano lenye oveni, na nyuma yake dirisha pana la kioo. Inapendeza. Lakini mimi ni fundi mwashi wa Singida, na huwaambia watu wangu wazi kwamba dirisha hilo hapa kwetu litazima moto.

Mji wetu uko juu, takribani mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kwenye nchi ya majabali na uwanda usio na miti mingi ya kukinga. Ndiyo maana Singida, pamoja na Makambako, imetajwa kwa miaka mingi kuwa mahali panapofaa kuzalishia umeme wa upepo. Sehemu kubwa ya mwaka upepo hutoka mashariki, na kiangazi kikikolea, kuanzia Juni hivi hadi Oktoba, huvuma na vumbi lake. Waliojenga tembe walilijua hilo: nyumba fupi, paa bapa la udongo, matundu madogo. Upepo waliuzuia, ila moshi ukabaki ndani na mpishi. Si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi na hewa chafu ya majumbani vilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020.

Sasa watu wanahamia kwenye gesi kwa kasi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Ninafurahi. Ila jiko jipya likiingia kwenye chumba kilichojengewa mafiga, lazima ukuta nao ufikiriwe upya.

Mteja wangu mmoja wa Mandewa, mwalimu mstaafu, alikuwa ameshachagua jiko dukani kabla hajanipigia.

"Fundi, nataka lile la sentimita 90. Nyumba hii haikosi wageni."

"Sawa, mama. Naomba kwanza unitolee sufuria unazopikia kila siku."

Alizitoa, tukazipanga sakafuni na kuzipima kwa tepu. Ya ugali ilikuwa na kipenyo cha sentimita 38, ya mboga 30, ya wali 28. Sufuria za shughuli tuliziacha stoo, kwa sababu hizo hupikiwa nje kwa vyovyote vile. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua sufuria mbili utakazoziweka pamoja motoni, jumlisha vipenyo vyake, gawa kwa mbili. Jibu ndilo umbali unaohitajika kutoka katikati ya pleti moja hadi katikati ya pleti ya pili. Kwake ilikuwa 30 na 28, yaani sentimita 29. Nenda dukani na tepu yako upime. Majiko mengi ya 50 kwa 50, hata yakiwa na pleti nne, hayafiki hapo. Sufuria mbili za familia zinagombana na pleti nyingine mbili zinakaa bure. La 60 kwa 60 lilimtosha.

Na kwa nini asichukue la 90? Ukuta wake wa kazi ulikuwa na mita tatu tu. Friji sentimita 60, sinki na sehemu ya kuanikia vyombo 100. Ukiweka jiko la 90, zinabaki 50 za kukatia mboga na kuchambulia mchele. Ukiweka la 60 zinabaki 80. Mwanamke anayepika mlenda na kumkata kuku wa kienyeji anahitaji kaunta kuliko pleti ya tano, na nitalisema hilo mbele ya muuza duka yeyote.

Kisha kuna ugali. Jiko la kusimama lina urefu wa sentimita 85 hadi 90 kutoka sakafuni; weka juu yake sufuria ya kina cha sentimita 20, ukingo unafika 110. Kusonga ugali wa mtama wa watu tisa mkono ukiwa juu namna hiyo ni kuumiza mabega. Kipimo changu ni kiwiko: mpishi asimame wima akunje mkono, na ukingo wa sufuria ya ugali usivuke kiwiko chake. Kwa mwalimu nilijenga kibaraza cha tofali cha sentimita 60 kando ya jiko, tukaweka hapo pleti moja ya gesi, pana na imara. Hakuna nilichojenga jikoni mle anachokisifia kama hicho.

Dirisha nalo lina hesabu yake. Chumba chake kilikuwa futi 10 kwa 8, na mimi hutaka nafasi ya kupitisha hewa isiyopungua sehemu moja ya kumi ya sakafu, yaani futi nane za mraba. Dirisha la aluminiamu la kusukuma hufunguka nusu tu, kwa hiyo ili upate nane unahitaji la futi nne kwa nne. Wengi hupima fremu wakadhani wamepima hewa.

Mahali pake ndipo pagumu zaidi. Chumba chake cha jiko kilikuwa upande wa mashariki wa nyumba, na dirisha pekee lilitazama upepo. Matokeo yake, harufu na moshi wote vilisukumwa kupitia mlango hadi sebuleni. Hatukulipanua dirisha lile. Tulitoboa jingine ukuta wa kaskazini, karibu na jiko lakini pembeni yake, ili upepo ukiingia ubebe moshi na kutoka nao kabla haujafika mlangoni. Dirisha la mashariki liko juu ya sinki, ambako upepo hauna moto wa kuuzima wala pazia la kulitupa motoni.

Kutoboa ukuta wa zamani si kazi ya nyundo tu. Angalia kwanza kenchi zimekaa wapi, tega nguzo za kushikilia, uweke lenta mpya inayoingia ukutani sentimita 20 kila upande, ndipo ukate chini yake. Fundi anayetaka kukata kwanza na kuweka lenta baadaye, mlipe nauli arudi kwake.

Mkaa haujaondoka, najua. Maharage na jogoo mgumu bado vinapelekwa kwenye mkaa. Basi ujengewe mahali pake barazani, upande usiopigwa na upepo. Usiuwashe ndani madirisha yakiwa yamefungwa kwa ajili ya vumbi au baridi ya Julai. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu na inaua waliolala.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi dirishani, inatulia sakafuni. Kwa hiyo mtungi, uwe wa kilo 15 au 38, ukae nje kwenye kivuli penye hewa, na ukutani jikoni, karibu na sakafu, pawe na matundu mawili ya kuelekea nje. Maungio ya mpira yapimwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Mtu akikushauri uyazibe matundu yale kwa sababu yanaingiza vumbi, weka wavu, uusafishe kila wiki, na uyaache wazi.