Mbwa wa kuwinda akianza kuchechemea: kipimo cha ADN kinasaidia nini?

Kwa mwindaji wa Muheto, eneo la Masisi, au wa vijiji vya kuelekea pori la Walikale, mbwa anayeinua mguu wa nyuma ni hasara. Wengi husema amejikwaa tu. Mara nyingi shida iko ndani ya goti: kano inayofunga mfupa wa paja na ule wa muundi imekatika.

Kwa mbwa, kano hiyo haikatiki sana kwa ajali ya siku moja. Huchakaa polepole, kisha siku moja mbwa anaruka shimo na inaachia. Karibu nusu ya mbwa waliokatika goti moja hukatika na la pili baadaye.

Huko Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, wakiongozwa na daktari wa mifugo Peter Muir, wamechunguza ADN ya mbwa wa aina ya Labrador, wanaotumiwa kuokota ndege waliopigwa risasi. Waligundua kwamba takriban nusu ya hatari inatokana na urithi. Nyingine inatokana na mambo kama uzito wa mwili. Leo kipimo chao kinaweza kuonyesha ni Labrador yupi yuko katika hatari kubwa, kabla hajaanza kuchechemea.

Lakini jibu lake si ndiyo au hapana. Jeni nyingi zinahusika, kila moja kwa nguvu kidogo. Tena kipimo kilitengenezwa kwa Labrador, na hakiwezi kutumiwa hivi hivi kwa mbwa wa Masisi.

Mbwa wa Kongo wenyewe wana historia yao katika mambo ya ADN. Katika miaka ya 1930 wachache walipelekwa Uingereza, ndio wanaoitwa leo Basenji, mbwa wasiobweka sana, ambao wawindaji huwafunga kengele shingoni. Kwa sababu wazazi wa kwanza walikuwa wachache, ugonjwa wa figo uitwao Fanconi ulienea katika kizazi chao. Mwaka 1987 na 1988, wafugaji wa Marekani walikuja Zaire kutafuta damu mpya, na mwaka 1990 mbwa hao wakaanza kuandikwa rasmi kule. Fanconi inatokana na jeni moja, kwa hiyo tangu 2011 kipimo chake cha ADN kinatoa jibu la wazi.

Mfugaji asiye na laboratwari anaweza kufuata njia hiyo hiyo ya kuchagua wazazi. Dume au jike aliyekatika kano asizalishwe, hata kama ni hodari wa kufukuza. Ndugu zake wa tumbo moja waangaliwe pia. Mbwa asizalishwe na dada yake wala mama yake. Dume atafutwe kijiji kingine. Na anayechechemea apumzishwe, asinenepeshwe, asirudishwe porini mpaka daktari wa mifugo amshike goti.