Saratani ya Matiti na Mikono Iliyofundishwa

Kuna magonjwa yatajwayo wazi barazani, na kuna mengine ambayo mwanamke huyaficha hata asimwambie mumewe. Saratani ya matiti ni ya namna hii ya pili. Mara nyingi huanza kwa kivimbe kidogo kisichouma, na kwa kuwa hakiumi, mwenye nacho hukinyamazia. Miezi hupita. Siku aendapo hospitali kwa sababu ya kidonda au maumivu, huenda ugonjwa umekwisha kuenea mifupani, mapafuni au katika ini. Mwaka 2022 wanawake wapata 2,300,000 duniani walionekana kuwa nao, na wapata 670,000 walikufa kwa ajili yake. Hata wanaume huupata, ingawa ni wachache sana.

Katika nchi zenye mali nyingi, wanawake waliofikia umri fulani huitwa kila baada ya miaka kadha wapigwe picha ya matiti kwa eksirei. Lakini mashine hiyo ni ya thamani kubwa, tena yataka umeme, fundi, na daktari ajuaye kuisoma picha. Je, wakaao mbali na mashine wafanyeje? Kazi mbili kubwa zilizofanywa Asia zimelijibu swali hili, nasi twapenda kuzieleza kwa urefu, kwa maana majibu yake hayakuwa kama wengi walivyotazamia.

Ya kwanza ilifanyika Shanghai, nchi ya China, kwa wanawake wa viwanda vya nguo. Kati ya mwaka 1989 na 1991, wanawake 266,064 wa viwanda 519 waligawanywa kwa kura, kiwanda kwa kiwanda. Wa upande mmoja walifundishwa kujipapasa matiti, wakakumbushwa mara kwa mara. Wa upande wa pili hawakufundishwa. Walifuatwa miaka 10 na zaidi, na mwaka 2002 hesabu ikatangazwa: katika waliofundishwa, 135 walikufa kwa saratani ya matiti, katika wasiofundishwa, 131. Tofauti haikuwapo. Tena waliofundishwa waligundua vivimbe vingi zaidi visivyo saratani, wakapata hofu na kukatwa vipande vya nyama kwa kupimwa, bila faida.

Msomaji asielewe vibaya hapo. Hatukusema kwamba mwanamke asiujali mwili wake. Hata wale wasiofundishwa walikwenda hospitali walipoona uvimbe, wakatibiwa kama wenzao. Kilichokosa kuleta faida ni lile somo la kujipapasa kwa utaratibu. Kwenda upesi kwa daktari mtu aonapo badiliko ni jambo jingine kabisa.

Kazi ya pili ilianza mwaka 1998 katika Mumbai, mji wa India uliokuwa ukiitwa Bombay. Madaktari wa hospitali ya Tata Memorial walichagua sehemu 20 za mji zikaliwazo na watu maskini, zenye wanawake 151,538 wa umri wa miaka 35 hata 64. Katika sehemu 10, wanawake walipapaswa matiti kila baada ya miaka miwili, mara nne kwa jumla. Nani aliyewapapasa? Si daktari, wala si muuguzi, bali wanawake wenye elimu ya shule tu, waliofundishwa kazi hiyo moja mpaka wakaijua vema. Katika sehemu 10 nyingine watu walipewa maelezo juu ya ugonjwa, wakafuatwa tu. Wako waliolaumu jambo hilo, wakisema haikuwa haki kuwaacha hao bila kuchunguzwa. Nasi twaona lawama hiyo ina uzito.

Hesabu ilitolewa mwaka 2021. Kati ya wagonjwa wa upande wa waliochunguzwa, 37 kwa kila 100 walikuwa wamefikia hatua ya tatu au ya nne ya ugonjwa; upande wa pili walikuwa 47. Na wanawake wa miaka 50 na zaidi, vifo vyao vilipungua karibu sehemu 30 katika 100. Kwa walio chini ya miaka 50 faida haikuthibitika, wala haifai kuificha habari hiyo. Lakini mikono iliyofundishwa, bila mashine yo yote, iliokoa maisha ya mama zetu watu wazima.

Watu huuliza ugonjwa huu watoka wapi, na wengine hunong'ona habari za uchawi au laana. Mwanzoni mwa karne ya 18, Bernardino Ramazzini, daktari wa Italia, aliona ya kuwa watawa wa kike wapatwa nao kuliko wanawake wengine. Wala si kwa kosa lo lote; hawakuzaa wala hawakunyonyesha. Mwaka 2002 wataalamu walikusanya uchunguzi 47 wa nchi 30, wakaona kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa sehemu 4.3 katika 100. Hata hivyo mama wa watoto wengi aweza kuupata, na umri ukizidi hatari huzidi.

Liko jambo moja linalowazuia wengi kwenda hospitali: hofu ya kukatwa titi. Zamani hofu hiyo ilikuwa na sababu, kwa kuwa madaktari waliondoa titi zima pamoja na misuli ya kifua. Lakini katika Milan, Italia, kuanzia mwaka 1973, Umberto Veronesi na wenzake waliwagawanya kwa kura wanawake 701 wenye uvimbe usiozidi sentimita 2. Baadhi walikatwa kwa njia ya zamani. Wengine waliondolewa sehemu ya titi tu, kisha wakatibiwa kwa mionzi. Baada ya miaka 20 walio hai walikuwa sawasawa pande zote mbili. Basi kwa aliyewahi, mara nyingi titi huweza kusalia. Mwenye kukawia kwa kuogopa kisu ndiye huelekea kukatwa zaidi.

Dalili ni hizi: uvimbe mgumu katika titi au kwapa, ngozi kubonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu kuingia ndani kuliko desturi yake, au kutoka damu. Shirika la Afya Duniani lilitaka kwamba ugonjwa utambuliwe katika siku 60 tangu mgonjwa afikapo mara ya kwanza. Kwa hiyo mama akiambiwa arudi mwezi ujao, na aiandike siku ile ya kwanza, na mumewe au mwalimu wa kijiji amsindikize kwenda kuuliza jibu.