Gita la Magotini: Bei ya Kadiri, Lakini Je, Lafaa?

Jumamosi moja alasiri mpwa wangu alibisha hodi nyumbani akiwa na bahasha ndani ya koti. Mlikuwa na shilingi 50,000, akiba ya miaka miwili ya kupiga gita katika karamu za arusi na mabaa ya mjini. "Mjomba," akasema kabla hata hajaketi, "kuna mzee mmoja anauza gita la magotini, la umeme. Twende ukalisikie. Mimi nimekwisha kulitamani, na anayetamani haoni kasoro."

Nilipenda maneno hayo. Vijana wengi hununua kwanza kisha ndipo huja kuuliza.

Bendi yake hupiga nyimbo za kantri, zile ambazo watu wetu hawajazichoka tangu enzi za santuri. Msomaji aliyewahi kumsikiliza Don Williams atakuwa ameisikia sauti ninayosema: inalia nyuma ya mwimbaji, ikipanda na kushuka bila kukatika, kama mtu anayekumbuka mapenzi ya zamani. Hicho si kinanda wala fidla. Ni gita lililolazwa. La kwenye rekodi hizo mara nyingi ni lile kubwa lenye miguu na pedeli, ambalo bei yake si ya mtu wa akiba ya bahasha. La magotini ni mzazi wake, na ndilo mlango wa kuingilia.

LILIKOTOKA

Gita la kawaida mpigaji hulikumbatia, akabana nyuzi kwa vidole juu ya vile vyuma vyembamba viitwavyo freti. Hili hulazwa magotini uso ukitazama juu. Nyuzi zake zimeinuliwa karibu sentimita 1 kutoka shingoni, wala hazibanwi kamwe. Mkono wa kushoto hushika kipande cha chuma laini chenye uzito wa karibu gramu 200 na kukitelezesha juu ya nyuzi, huku mkono wa kulia ukizidonoa. Mahali pa freti pamechorwa mistari tu ya kuongoza jicho.

Mtindo huu ulianza katika visiwa vya Hawaii. Anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wake ni Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka wa 1874. Inasimuliwa kwamba akiwa bado mwanafunzi aliokota kipande cha chuma kando ya reli, akakigusisha kwenye nyuzi za gita lake na kushangazwa na mlio. Maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka wa 1915 yaliueneza muziki wa Hawaii kote Marekani. Baadaye gita hilo lilifika India, likaingia katika nyimbo za filamu, kwa hiyo hata shabiki wa sinema za Kihindi pale Mombasa amewahi kulisikia.

Kwetu Kenya tuna hadithi yetu. Mwimbaji wa kantri Jimmie Rodgers, ambaye baadhi ya rekodi zake zilipigwa kwa gita hili la Hawaii, alipendwa na Wakipsigis kupitia gramafoni hata jina lake likageuka kuwa Chemirocha. Wimbo wao juu yake ulirekodiwa na Hugh Tracey huko Kapkatet mwaka wa 1950, miaka 17 baada ya Rodgers kufariki.

Lakini jambo ambalo wapenzi wengi wa muziki hawalijui ni hili. Gita la kwanza la umeme kuuzwa kwa mafanikio lilikuwa la magotini. Wapigaji walikuwa wakifunikwa na tarumbeta na ngoma, na mwaka wa 1931 George Beauchamp, akishirikiana na Adolph Rickenbacker, alibuni sumaku ya kunasa mtikisiko wa nyuzi na kuupeleka kwenye amplifaya. Gita hilo likaanza kuuzwa mwaka wa 1932. Leo Fender naye alianza na magita ya magotini mwaka wa 1945, kabla ya kutoa yale yaliyomletea sifa tangu 1950. Kwa hivyo kila gita la umeme linalolia katika benga au rumba lina babu aliyelazwa magotini!

Gita lile la Rickenbacker lilitengenezwa kwa aluminiamu, likawa na umbo la kikaango. Taa za jukwaani zilipolichoma, chuma kilitanuka na nyuzi zikapotea sauti. Ni funzo la kukumbuka: chombo kinaweza kuwa kigumu kama kengele na bado kikakuaibisha mbele ya watu.

TULIVYOLIPIMA

Siku hizi magita haya ya bei rahisi huuzwa ng'ambo kwa dola 100 na ushei, na yale ya mafundi mashuhuri hupita dola 2,000. La mzee yule lilikuwa la katikati, jamii ya dola 400 likiwa jipya. Alitaka shilingi 55,000. Lilikuwa jekundu, linang'aa, na sanduku lake lilikuwa na kitambaa cha mahameli. Nikamwambia mpwa wangu ageuze uso, kwa sababu rangi haiimbi.

Kwanza tulilinganisha nyuzi sita kwa sauti za C, E, G, A, C, E, tukaliweka karibu na dirisha penye jua kwa nusu saa. Tuliporudi, nyuzi tano zilikuwa zimeteremka kidogo kwa pamoja, jambo la kawaida, lakini mmoja ulikuwa umelegea kabisa. Tulitazama funguo za kukazia nyuzi tukakuta skrubu moja imelegea. Tukaikaza, tukangoja tena, ukatulia.

Pili, tulitoa futi kamba. Kutoka daraja la juu, lililo karibu na funguo, hadi daraja la chini, urefu ulikuwa sentimita 57. Mstari wa 12 sharti uwe katikati kabisa, kwani uzi ukigawanywa nusu kwa nusu hutoa sauti ile ile iliyopanda ngazi nzima. Tulipima sentimita 28.2 upande mmoja na 28.8 upande wa pili. Daraja la chini lilikuwa limefungwa nyuma kwa milimita 6! Mpigaji akiufuata mstari kwa uaminifu, sauti yake itashuka karibu sehemu moja kwa tano ya hatua kutoka freti moja hadi nyingine. Ni kosa dogo machoni, kubwa masikioni.

Tatu, tulilaza chuma juu ya nyuzi zote kwa pamoja. Uzi wa tatu ulikwaruza na kuzizima, kwa maana mfuo wake kwenye daraja la juu ulikuwa umechimbwa mno, ukawa chini ya wenzake. Gita la kawaida huvumilia jambo hilo. Hili halivumilii, kwa kuwa chuma kimenyooka, na nyuzi lazima zinyooke nacho.

Nne, tuliliunganisha na amplifaya. Likavuma kama nyuki. Mvumo kidogo si ajabu kwa sumaku ya waya mmoja, hasa chini ya taa za mirija, na kwa kawaida hupungua mpigaji akigusa nyuzi. Wetu uliongezeka. "Ndivyo yalivyo yote," mzee akasema. Kwa ruhusa yake tulifungua kifuniko cha nyuma, na huyo hapo, waya wa kwenda kwenye daraja umechomoka. Fundi yeyote wa redio anaweza kuulehemu kwa dakika kumi.

Kufikia hapo mpwa wangu alikuwa amekunja uso na kurudisha bahasha ndani ya koti. Nikamwambia angoje, kwani kipimo cha tano hakijafanywa. "Sasa piga. Usiutazame mstari, sikiliza."

Alipiga polepole, akitafuta sauti kwa sikio. Nikadonoa uzi mmoja na kuhesabu hadi ukome, nikafika 17, na hata juu ya mstari wa 12 ulidumu vizuri. Nyuzi nene hazikumeza nyembamba. Shingo ilikuwa imenyooka kama rula, na ubao ulikuwa mzima, hauna ufa. Mzee mwenyewe alinyamaza, akatazama nje dirishani.

UAMUZI

Hapo ndipo siri ya bei ya kadiri ilipo. Katika gita hili kuna kasoro zinazorekebishika na zisizorekebishika. Waya, skrubu, mfuo na hata daraja lililokaa vibaya ni kazi ya fundi na fedha kidogo. Shingo iliyopinda, ubao usiodumisha sauti na sumaku dhaifu ni hasara ya moja kwa moja. Yale ya bei rahisi sana mara nyingi huugua ya pili. La kadiri likiwa zima kwenye mifupa, linastahili kununuliwa hata kama limetengenezwa kwa haraka.

Mzee alitaka pia kutuuzia amplifaya kuukuu la Marekani, la volti 120. Tulikataa kwa heshima. Umeme wetu ni wa volti 240, na asiyekuwa na transfoma atakiunguza chombo siku ya kwanza. Gita lenyewe halina hofu hiyo, kwani halichomekwi ukutani.

Tulimwonyesha mzee kasoro moja baada ya nyingine, bila kejeli. Alikubali shilingi 41,000. Zile 9,000 zilizosalia zikawa za fundi, nyuzi mpya na kipande kizuri cha chuma.

Tukiwa njiani nilimuuliza mpwa wangu angefanyaje kama angekuja peke yake. Alifikiri kidogo. "Ningelinunua, Mjomba. Kisha ningepiga juu ya mstari, sauti ikose, nami ningesema sina sikio la muziki. Baada ya miezi mitatu ningeliuza."

Hiyo ndiyo hatari yenyewe, msomaji. Gita la kawaida likiwa bovu, freti zake hulisengenya. La magotini halina freti, na mwanafunzi hawezi kujua kama aliyekosea ni yeye au chombo, kwa hivyo hujilaumu mwenyewe. Kabla hujatoa bahasha yako, beba futi kamba. Huenda ikamwokoa mwanamuziki.

Daraja lilisogezwa Jumanne iliyofuata. Jirani zake wananiambia sasa halali.