Kwa Nini Kiambatisho Hukataa Kupanda Kwenye Kompyuta ya Zamani

Mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu kutoka Kata ya Bukundi hufunga safari hadi Mwanhuzi akiwa na bahasha yenye cheti cha kuzaliwa na fomu iliyosainiwa. Mhudumu wa steshenari huskani nyaraka, hufungua mfumo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kisha hubonyeza kitufe cha kupakia. Ukurasa hutulia kimya. Hakuna ajuaye iwapo faili limefika, na siku ya mwisho ya maombi haisubiri.

Lawama huangukia mtandao, na pengine ni haki. Lakini kipo chanzo kinachosahaulika: uzee wa kivinjari, yaani programu inayofungua kurasa za intaneti.

Katika njia ya awali, iliyopendekezwa mwaka 1995, mtu huchagua faili, hutuma fomu nzima, kisha hungoja ukurasa mwingine. Mtandao ukikatika katikati, kazi huanza upya. Faili likizidi ukubwa unaoruhusiwa, hukataliwa baada ya kusafiri lote na kula bando.

Mifumo ya sasa hutumia maelekezo ya JavaScript, lugha ambayo kivinjari huitekeleza chenyewe. Maelekezo hayo hupima faili kabla halijaondoka, hulituma bila kubadili ukurasa na huonyesha asilimia iliyokwisha kufika. Internet Explorer ilipata uwezo huo katika toleo la 10, mwaka 2012. Katika toleo la 9 na yaliyotangulia, amri hutolewa lakini hakuna wa kuiitikia. Ndiyo maana mara nyingine hata ujumbe wa kosa hauonekani. Mtengenezaji makini huufanya mfumo ukague kwanza kama kivinjari kina uwezo huo, na kikikosa, umrudishe mtumiaji kwenye fomu ile ya kale, isiyo na asilimia lakini yenye kufikisha mzigo. Si kila mfumo umejengwa kwa uangalifu huo.

Wenye simu nao wana lao. Opera Mini, inapobana data kupita kiasi, huandaliwa kurasa na kompyuta za mbali kabla hazijafika mkononi, hivyo maelekezo mengi ya JavaScript hayafanyi kazi ipasavyo. Kwa maombi yenye viambatisho, Chrome ni salama zaidi.

Microsoft iliacha kuihudumia Internet Explorer 11 kwenye Windows 10 tarehe 15 Juni 2022. Kompyuta yenye Windows 7 bado inaweza kutumia Chrome, ingawa inaishia toleo la 109. Toleo hilo hupakia faili bila shida, ila halipokei tena maboresho ya usalama. Mwombaji asikubali lihifadhi nywila yake.

Kabla ya kulipia huduma, mwombaji atoke kwenye akaunti yake, aingie tena na kukifungua kiambatisho. Kikifunguka na kusomeka, kimefika.