Breki za ABS kwenye Changarawe ya Karagwe

Mfugaji mmoja wa huku kwetu Karagwe alikuja gerejini kwangu Omurushaka akitaka ushauri. Anakusudia kununua pikipiki ya matairi manne, kama zile wanazopanda watalii Zanzibar, imfikishe kwenye mazizi ambako gari halipiti. Ameambiwa zipo zenye ABS na zisizo nayo, na tofauti ya bei si ndogo. "Fundi, niongeze hela au niache?"

Nilimwambia aache. Angekuwa ni dereva wa bodaboda anayeniuliza habari ya pikipiki yake ya matairi mawili, ningemwambia aongeze, ila kwa tairi la mbele tu. Majibu hayo mawili yanatoka kwenye barabara ile ile, na ndiyo maana nataka kuyaeleza taratibu.

ABS ina kazi moja: kuzuia tairi lisifunge wakati breki imeshikwa. Kwenye kitovu cha tairi kunafungwa duara la chuma lenye meno au matundu, na pembeni yake kihisi kinachosoma meno hayo yanavyopita. Kompyuta ndogo ikiona tairi limepunguza mzunguko kwa ghafla kuliko kawaida, inalegeza mafuta ya breki, inayarudisha, inalegeza tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Dereva anaisikia ikimtetemesha mkononi au mguuni. Bosch na Mercedes-Benz waliiingiza kwenye magari mwaka 1978. BMW wakaiweka kwenye pikipiki mwaka 1988.

Sababu ya kuogopa tairi lililofunga ni kwamba halisikii usukani. Linaserereka kuelekea lilikokuwa linaenda, hata ukiukata usukani wote. Kwenye pikipiki ya matairi mawili lipo kubwa zaidi ya hilo: tairi la mbele likifunga, uko chini kabla hujajua kimetokea nini. Waliolala pembeni ya barabara ya Murongo na mtulinga umevunjika wanaelewa ninachosema.

Sasa tuje kwenye changarawe. Wilaya za Karagwe na Kyerwa ni milima na mabonde. Tuna lami ya Kyaka hadi Bugene, kilometa 59 hivi, na tunaishukuru. Lakini ukishaiacha ukaingia Nyaishozi, Nkwenda, Isingiro au Kaisho, maisha ya watu yamepita miaka na miaka juu ya udongo mwekundu uliomwagiwa changarawe. Huko ndiko kahawa ya maganda inakotoka, na mikungu ya ndizi, na mama anayewahishwa hospitali ya Nyakahanga usiku.

Tufanye hesabu. Pikipiki iliyo kwenye mwendo wa kilometa 40 kwa saa inakula mita 11 kila sekunde. Kwenye lami kavu, breki zote mbili zikishikwa vizuri, yaweza kusimama ndani ya mita 9 hivi. Changarawe inatoa kama nusu ya mshiko wa lami, kwa hiyo hapo itataka mita 18. Na kama ni changarawe kwenye mteremko unaoshuka mita 10 kwa kila mita 100, zinafika mita 25. Sijaongeza bado sekunde moja ya dereva kushtuka, ambayo ni mita 11 nyingine.

Kwenye changarawe iliyolegea, tairi lililofunga lina faida moja ambayo ABS inaiondoa. Linachimba. Linasukuma kokoto mbele yake mpaka zinajenga tuta dogo, na tuta hilo linasaidia kusimamisha chombo. ABS hairuhusu tuta lijengeke, kwa sababu inaliachia tairi lizunguke kila mara. Wamarekani wa idara ya usalama barabarani, NHTSA, walilipima jambo hili kwa magari miaka ya 1990: kwenye changarawe iliyolegea, magari yenye ABS yalihitaji umbali mrefu zaidi kusimama, kwa zaidi ya robo, ingawa yalibaki yanasikia usukani.

Kisha kuna vile vijituta vya mfululizo vinavyojitokeza barabarani greda likichelewa. Tairi linaruka juu yake. Likiwa hewani na breki imeshikwa, linasimama papo hapo, na kompyuta inadhani liko kwenye utelezi, inalegeza breki. Dereva anaona breki imemkimbia katikati ya mteremko. Ndiyo maana pikipiki kubwa za safari za porini, kama KTM Adventure, zina chaguo la kuzima ABS ya nyuma na kubaki na ya mbele iliyopunguzwa ukali. Waliozitengeneza wanajua kwamba porini tairi la nyuma linafaa liburuzike dereva akitaka.

Kwa pikipiki ya matairi manne hoja ya kutaka ABS inazidi kuwa nyepesi. Ile haianguki kwa sababu tairi la mbele limefunga. Ina miguu minne chini. Nyingi zinatembea taratibu mashambani, na ABS kwa kawaida huacha kufanya kazi mwendo ukishakuwa wa mtu anayetembea, yaani pale hasa unaposhuka korongo kwa hofu. Zipo za kiwandani zenye ABS, mathalani baadhi ya Can-Am Outlander zilizouzwa Ulaya, lakini hizo zinasajiliwa kupita barabarani kwa kasi. Ng'ombe hawafuatwi kwa kasi hiyo.

Kinachoua watu zaidi kwenye mashine hizi ni kupinduka. Inaenda pembeni kwenye mwinuko, inamlalia dereva, na yeye yuko peke yake shambani. Australia walihesabu vifo vya aina hiyo mpaka wakatunga kanuni mwaka 2019, na tangu Oktoba 2021 pikipiki mpya ya shamba ya matairi manne haiuzwi kule bila fremu ya kumkinga dereva inapopinduka. Hela ya ABS iende huko, na kwenye kofia ngumu. Na kwenye upepo wa matairi! Matairi yale mapana yanataka upepo kidogo sana, psi 5 hivi kwa mashine nyingi, lakini mfugaji akifika kwa kijana wa upepo barabarani anajaziwa 30 kama ya bodaboda. Tairi linakuwa gumu, linadunda, mshiko unapotea. Hapo hakuna kompyuta itakayomsaidia. Kushuka, aweke gia ndogo injini imshike, breki aiguse tu.

Bodaboda nimeisemea tofauti kwa sababu dereva wake akifunga tairi la mbele anaanguka, na kwa hofu hiyo hiyo madereva wengi wameacha kabisa kuitumia breki ya mbele. Wapo wanaoniletea pikipiki ambayo waya wa mbele umelegezwa makusudi. Wanashuka na mguu wa kulia peke yake, abiria wawili nyuma, wengine gia imetolewa ili kubana mafuta. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa, kwa kuwa ukishika breki uzito mwingi unahamia mbele. Mtu huyu ABS ya tairi la mbele ingemrudishia ujasiri wa kuishika, na la nyuma angebaki nalo mguuni mwake, aliburuze kwenye changarawe anapohitaji.

Nayo si ndoto. India, ambako Boxer na TVS zetu zinatoka, tangu Aprili 2019 imelazimisha kila pikipiki mpya ya zaidi ya cc 125 iwe na ABS, na ya tairi moja inakubalika. Sisi tunaletewa 150 yenye breki za ngoma mbele na nyuma, inayovutwa kwa waya na fito, na kwenye breki ya namna hiyo ABS ya kawaida haina pa kukaa, kwa sababu inataka breki ya mafuta, ambayo kwa pikipiki kwa kawaida ni disiki. Waagizaji wakiamua, na Shirika la Viwango, TBS, likaandika kiwango, 150 zinaweza kuja na disiki mbele na ABS ya tairi hilo moja. Mpaka hapo, mvua za masika zikianza, fungueni ngoma ya mbele kila wiki, mtoe tope, mtazame breki shuu, na ule waya uliolegezwa ukazwe.