Madenge na zamu ya maji

Jarida la Sani lilitufikia Mabogini likiwa limekwisha kupita mikono mingi, jalada halipo. Sisi ndugu wanne tulilisomea kando ya majaruba ya mpunga baada ya kutoka madrasa. Ukubwani ndipo tulipojua kuwa jina lake limetokana na waasisi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Wakati ule tuliwajua Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge, yule mtoto mtundu tuliyempenda kuliko wote.

Marehemu baba alikuwa mtu wa Chakubanga, katuni ya Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, hivyo hakutukataza. Mpaka siku tulipotaka kumwiga Madenge. Tuliuziba mfereji kwa magunia, tukajificha tumwone jirani akishangaa maji yamekwenda wapi. Tulicheka mno. Lakini zamu yake ikapita, na katika skimu ya Lower Moshi anayekosa zamu husubiri. Miche yake ilikuwa imepandikizwa juzi tu.

Tulidhani baba atalichana jarida. Hakuligusa. Alitupeleka kwa mzee yule tukaomba radhi, kisha akampa zamu yetu iliyofuata. Mwaka ule tulivuna pungufu.

Majuzi mtoto wa dada yetu aliomba kuzisoma Sani za zamani. Mmoja wetu alikataa katakata. Watatu tukaona apewe, ila asisome peke yake. Tukaketi naye barazani. Alipofika kwa Madenge alicheka, nasi, astaghfirullah, tukacheka kwa sauti kuliko yeye.